Neno Ulilonisemea

Nyamizi wangu, mboni ya jicho langu,

Uko chumba cha pili. Nasikia unavyofunga zipu ya begi, kisha unaifungua, kisha unaifunga tena. Ningeweza kuja kugonga mlango. Lakini mimi na wewe tunajuana: nikigonga utasema "Yes, Mum?" kwa ile sauti ya karani wa benki, na mimi nitasahau yote niliyokuja nayo, niishie kukuuliza kama umekula. Kwa hiyo nimekaa mezani jikoni, naandika. Barua hii Deo atakupa kesho mkifika uwanja wa ndege, maana umesema yeye ndiye akupeleke na mimi nibaki nyumbani. Nimekubali. Nitabaki.

Sitakuandikia habari za koti na soksi na kupiga simu ukifika. Hayo Deo ameshakuambia mpaka yamechakaa, na kila mara umemwitikia "Sawa, Mjomba," kwa upole mtamu kiasi kwamba mimi nilikuwa nasimama kwenye korido nasikiliza na kuona wivu. Namwonea wivu mume wangu mwenyewe, na harusi yetu hata maua yake hayajakauka vizuri! Nampenda, Nyamizi. Unajua, maana umetukuta hapa jikoni tukicheka kama wanafunzi huku maziwa yanafurika kwenye jiko. Ukatikisa kichwa ukasema hatuna aibu. Ni kweli, hatuna. Nina umri wa kuitwa bibi, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka. Ananiwekea viatu vyangu juu ya hita ili nikienda kazini miguu iingie kwenye joto. Anamwambia dereva wa basi, mtu asiyemjua hata jina, "Huyu ni mke wangu, umwone vizuri." Na katikati ya furaha yote hii wewe unahama. Furaha imeingia kwa mlango huu, wewe unatoka kwa mlango ule, na mimi nimesimama katikati sijui nicheke au nilie. Nalia zaidi.

Nataka kukuandikia habari za kazi unayoiendea, kwa sababu niliwahi kuifanya, na kwa sababu ndiyo iliyotuharibia.

Sifa, rafiki yako tangu utotoni, anagombea udiwani huko Edmonton, na katika watu wote amekuita wewe ukamsaidie. Uliponiambia nikabubujikwa na machozi, ukadhani nalia kwa ajili ya jina la Sifa. Hapana, mama. Nililia kwa sababu nilituona mimi na wewe, kile kiangazi cha kampeni yangu, tukipanda ngazi za maghorofa ya Malvern, wewe na vyuma vyako vya meno, mimi na viatu virefu nilivyovua kila lifti ilipokuwa mbovu nikavishika mkononi kama samaki. Mimi, wa kidato cha nne kutoka Tabora, mfanyakazi wa nyumba ya wazee, eti nagombea udiwani Toronto! Watu walinijua kwa sababu ya ule mwaka hita zilipokufa katika jengo letu, nikawakusanya kina mama pale chini penye masanduku ya barua, tukakaa na mablanketi na masufuria tukiimba, mpaka mwenye jengo akaja mwenyewe. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na machozi ya karibu na sauti kubwa, basi.

Na nilikuwa na wewe. Ulikuwa unagonga mlango kabla yangu na kusema kwa Kiingereza chako kinachotiririka, "Huyu ni mama yangu, anagombea, anaomba dakika moja." Kisha unanigeukia: "Mama, dakika moja. Siyo historia ya maisha." Yule mzee Mjamaika wa ghorofa ya tisa akauliza, "Sasa nimpe kura nani, mama au mtoto?" Ukamjibu, "Mimi sijafikisha umri. Chukua huyu." Alicheka mpaka akashikilia mlango. Aliniambia baadaye, nilipokuwa nimeshashinda, kwamba alinipa kura kwa ajili yako.

Ulikuwa mdomo wangu tangu ukiwa darasa la kwanza, baada ya kuja huku sisi wawili, baba yako tumemwacha kaburini Tabora. Kliniki, benki, ofisi ya uhamiaji, hata shuleni kwako mwenyewe. Mwalimu alilalamika kwamba unaongea mno darasani, na wewe ukanitafsiria kwa uso mkavu: "Anasema naongea vizuri sana darasani." Nikakukumbatia mbele yake! Mwalimu akabaki ameduwaa. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu kwenye basi. Kila familia ya kwetu hapa ina mtoto kama wewe, anayetangulia kuingia ofisini huku mzazi anafuata nyuma na mkoba. Tunamsifu, tunasema mtoto wangu ana akili. Hatumuulizi kama amechoka.

Na nyumbani, nikikuuliza kwa Kiswahili, unanijibu kwa Kiingereza. Nilikubembeleza, nilikutisha, nilikuahidi pilau. Wapi. Nilidhani umekidharau. Leo nafikiri labda ulikuwa umemaliza tu kazi ya siku.

Sasa ile njia. Mimi na wewe hatujaitaja tukiwa wawili kwa muda mrefu sana. Tunapita mbali.

Nyuma ya yale maghorofa mawili marefu kulikuwa na njia ya mkato inayoteremka kwenda kituo cha basi. Watu wa zamu za alfajiri wote walipita pale. Haikuwa na mwenyewe. Mwenye maghorofa alisema si yake, mwenye maduka ya chini alisema si yake, na kwenye ramani palionekana nyasi tu. Majira ya baridi hakuna aliyemwaga chumvi ya kuyeyusha barafu pale. Wakazi waliniambia. Mama Sifa mwenyewe aliniambia, tukitoka kanisani, kanishika mkono hataki kuuachia: "Diwani wetu, ile njia itatuvunja viuno." Nikamwambia, "Nalishughulikia, dada yangu." Na nilikuwa nalishughulikia kweli. Nilikuwa na vikao, nilikuwa na watu wa kuwapigia simu. Lakini barafu haikusubiri vikao vyangu.

Alianguka akienda kazini, kusafisha maofisi ya watu kabla hawajaamka. Aligonga kichwa. Hakurudi kutoka hospitali.

Huyo ndiye mama aliyekulisha sombe, kile kisamvu cha Kikongo, miaka yote, mpaka ukawa unaniambia mimi Mtanzania sijui kuitwanga. Wewe na Sifa mlisukana nywele kwenye kochi letu tangu mkiwa hamjui kufunga kamba za viatu. Sina haja ya kukueleza wewe alikuwa nani. Nakueleza kwa sababu kuna jambo la siku ile hulijui. Lilitokea ofisini, kabla sijaja msibani.

Nilikuwa na mshauri wangu, yule mama mpole mwenye miwani, mzaliwa wa hapa. Nilimwajiri mwenyewe kwa sababu alijua mengi nisiyoyajua. Hakuwa mtu mbaya. Aliniogopea. Akaniambia huenda kukawa na kesi juu ya ile njia, na kila nitakalosema litapimwa.

"Ukifika kule usiseme sorry," akasema. "Sorry ni kukiri kosa."

"Sisemi sorry. Nitasema pole."

"Pole ni nini kwa Kiingereza?"

Nikafikiri. Na hapo ndipo nilipoanguka, mwanangu. Yeye mwenzangu alianguka kwenye barafu, mimi nilianguka nikiwa nimekaa kwenye kiti, chumba kina joto. Nikamjibu: "Sorry."

"Basi usiliseme."

Ungekuwepo wewe ungetafsiri vizuri. Ungemwambia pole si sorry. Pole tunampa aliyejikwaa, aliyenyeshewa, mwenye mafua, anayetoka kazini. Tunampa mtu ambaye hatukumtendea lolote, na hata aliyetukosea tunampa akifiwa. Kuomba radhi kuna maneno yake mengine kabisa. Nilijua hivyo tangu sijaota meno. Lakini kwa mara ya kwanza sikuwa na wewe wa kunitafsiria, nikatafuta neno la Kiingereza lililo karibu, nikaliuza letu kwa hilo. Na nikaona nimekuwa kiongozi kweli, nimejua kujizuia.

Nikaja. Makochi yalikuwa yametolewa nje kwenye korido, kina mama wamekaa chini kwenye mikeka, wanaume wamesimama kule karibu na mlango wa roshani. Wewe ulikuwa chini, umemkumbatia Sifa mabega. Kwetu mtu huingia msibani pole ikiwa mdomoni, hata viatu hajavua. Mimi niliingia na koti langu refu, mshauri nyuma yangu, nikasimama. Wote wakainua nyuso, wakingoja. Nikasema kwa Kiingereza zile sentensi mbili tulizokubaliana: kwamba fikra zangu ziko pamoja na familia, na kwamba huu ni wakati mgumu kwa jamii yetu.

Kisha yule bibi Mkongo wa karibu na dirisha akamuuliza mwenzake, wala hakushusha sauti: "Huyu amekuja kwa kilio ao kwa mkutano?"

"Mwache," mwenzake akamjibu. "Ni mheshimiwa. Waheshimiwa hawana pole."

Wewe ukainuka. Mtoto niliyembembeleza kwa pilau anijibu Kiswahili hata neno moja. Ukainuka katikati ya mikeka, ukasema kwa Kiswahili: "Poleni sana. Mama anasema poleni. Poleni kwa msiba."

Wakakuitikia kama desturi inavyotaka, sauti nyingi za chini: "Tumeshapoa, binti. Asante." Hawakuwa wamepoa, nani angepoa, lakini ndivyo tunavyojibu. Sifa peke yake hakuitikia. Alikuwa ananitazama mimi.

Miaka yote ulinitafsiria kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Siku ile ulinitafsiria kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, mbele ya watu wetu, kana kwamba mimi ndiye mgeni niliyeshuka jana kwenye ndege. Mshauri akanigusa kiwiko, tukatoka. Wewe ulibaki. Ulilala kule mpaka mazishi yalipokwisha. Uliporudi, asubuhi ukanikuta hapa hapa mezani, ukamimina chai yako, ukasema, "Good morning, Councillor." Hukuwa na hasira hata kidogo. Ulisema kama mtu anayemsalimu jirani kwenye lifti.

Nikafanya kazi kama mwendawazimu baada ya hapo. Nilipiga kelele kwenye kila kikao. Ile njia leo ina ngazi za zege, ina vyuma vya kushikia, ina taa, na chumvi inamwagwa kabla ya jogoo. Nilikuwa na imani kwamba ikijengwa itanisemea. Nikakuchukua twende tukaione, unakumbuka? Ukapitisha kiganja juu ya kile chuma, ukasema, "It's nice, Mum." Hivyo hivyo ulivyosema nilipokununulia ile sweta ya njano ambayo hujaivaa.

Zege halisemi pole, mwanangu. Nimelijaribu.

Na siku moja, kwenye hafla fulani, mwanasheria mmoja mzee akaniambia, kwa mazungumzo tu ya kupoteza muda, kwamba katika jimbo hili kuna sheria: mtu akiomba radhi, radhi yake haigeuzwi kuwa ushahidi wa kosa lake kwenye kesi ya madai. Hata sorry yenyewe, lile neno tulilolikimbia, lilikuwa na mwavuli wake. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini. Tuliogopa mbwa ambaye hakuwepo.

Uchaguzi uliofuata nilishindwa na sikushangaa. Nikarudi kwa wazee wangu, nikarudi kuwaogesha na kuwachana nywele, na wao wakanipokea kama niliyekuwa likizo. Sifa alikuwa ameshahamia Edmonton kwa shangazi yake. Hapo ndipo, nikiwa sina cheo, nikafunga kilemba, nikabeba unga na sukari kama watu wanavyobeba, nikaenda kugonga mlango wa kaka wa marehemu Mama Sifa.

Habari hii umesikia upande wa mapenzi tu, maana ndio ninaoupenda kuusimulia. Leo ngoja nikupe yote.

Deo akafungua mlango. Alikuwa na ile sweta yake ya kijani. Akanitazama juu mpaka chini, akatazama unga, akatazama sukari. "Ee, Honorable!" akasema. "Sasa ndiyo unafika? Sisi tulifikiri basi limekwama." Nilitamani sakafu inimeze. Akasogea pembeni nikapita. Nikakaa chini kwenye zulia, sikungoja kuambiwa, nikasema pole. Nikaisema kwa Kiswahili changu cha Tabora, nikairudia mpaka nikawa silii vizuri, nakohoa. Yeye akangoja nimalize. Nami nikangoja aniambie kwamba ameshapoa, ili niinuke niende zangu, deni la desturi limekwisha.

Akasema: "Asante, mama. Mimi sijapoa. Lakini kuna samaki, kaa tule."

Nyamizi, hapo ndipo nilipompenda. Watu wanadhani ni kwa ajili ya sauti yake ya besi kwenye kwaya, na hiyo nayo, jamani, hiyo nayo! Lakini nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kukataa kunipa lile jibu. Hakunidanganya ili nijisikie vizuri, wala hakunifukuza. Alikaa na donda lake wazi akanimegea ugali. Nilikwenda kutoa pole nikarudi na mchumba. Nikishukuru Mungu, naona haya. Nikiona haya, namsikia akiimba bafuni, nashukuru tena.

Tulipokutangazia, ulicheka kwanza. "Kwa hiyo mimi na Sifa sasa ni mabinamu?" Kisha, wiki ya harusi, tukiwa hapa jikoni tunakata vitunguu, ukaniambia polepole, kwa Kiingereza, neno kwa neno ili nisikose hata moja: kwamba pole yangu niliitoa siku ambayo haikunigharimu kitu. Nilipokuwa na kitu cha kupoteza, ukasema, nilikuachia wewe uilipe. Deo alikuwa anaingia na sahani ya vitunguu vingine. Alisikia, akageuka na vitunguu vyake, akarudi alikotoka. Harusini ulivaa kitenge nilichokuchagulia, ukapiga vigelegele kwa zamu yako, ukapendeza. Na ukaanza kutafuta tiketi.

Sikukujibu siku ile. Nilisema vitunguu vinaniwasha.

Uko sahihi. Nimeizungusha sentensi yako kila upande nikitafuta ufa wa kupenyea, sijauona. Sikuandiki ili kujitetea. Naandika kwa sababu kesho unakwenda kukaa mahali alipokaa yule mshauri wangu. Utakuwa kwenye kiwiko cha Sifa. Akishinda, na naomba ashinde, iko siku isiyo na jina ambayo mtu wa kata yake atafiwa na Sifa atakuwa na njia yake mahali fulani, ambayo alikuwa anaishughulikia. Atakugeukia. Atataka umwambie aseme nini. Na wewe una kipaji hicho, mama, umekifanyia kazi tangu una miaka sita: unajua kumpa mtu mzima maneno. Siku hiyo usimpe. Mwache aingie peke yake na mdomo wake mwenyewe. Akikosea, mwache akosee kwa sauti yake. Mimi niliwahi kusemewa vizuri sana, na waliosikia wote walijua ni nani aliyenyamaza.

Na usimpelekee Sifa salamu ya pole kutoka kwangu. Najua utafikiri kufanya hivyo, ukiwa umemkumbatia pale uwanjani. Usifanye. Nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, uchaguzi wake ukishapita, ashinde asishinde. Nikimfuata sasa akiwa anatafuta kura, atalazimika kunitabasamia. Sitaki tabasamu la kulazimishwa. Akinifungia mlango, nitakaa nje kwenye ngazi mpaka nipate baridi ya Edmonton vizuri, kisha nitarudi. Deo amesema atanisindikiza mpaka kona, zaidi ya hapo niende mwenyewe. Mwanamume yule!

Lakini kuna mtu ambaye sijamwambia, na yuko chumba cha pili, na begi lake sasa limenyamaza.

Nimempa Deo pole. Nimewapa wale bibi wawili, mmoja mmoja, nyumbani kwao, na yule wa dirishani alinicheka mpaka tukacheka wote. Nimekwenda mpaka kaburini. Katika mzunguko wote huo nimekupita wewe kama watu wanavyompita mkalimani. Wakishaelewana wanashikana mikono juu ya kichwa chake, yeye hakuna anayemshika. Ulikuwa umefiwa nawe. Mama Sifa alikuwa mama yako wa pili, na ulikuwa umekaa chini unalia kilio chako, nikakuinua kutoka kwenye mkeka wako ili unifanyie kazi. Sikukuita. Sikuhitaji. Nilikuzoeza tangu utotoni kwamba mama akikwama, Nyamizi anainuka.

Nawe umeamua kuchukua mwili wako na sauti yako mahali ambapo sitaweza kukwama mbele yako. Nalielewa hilo, na linanipasua moyo. Nitapika chakula cha watu watatu kwa wiki kadhaa, najijua. Deo atakula cha watu wawili, atasema ni kitamu, na mimi nitampenda na kulia juu ya sahani. Usirudi kwa sababu hiyo. Hilo nalo ni la kwangu mwenyewe kulibeba.

Basi naliandika hapa, hakuna mtu kwenye kiwiko changu. Pole, Nyamizi. Pole kwa Mama Sifa. Pole kwa ofisi zote ulizotangulia kuingia ukiwa mdogo. Na kwa kuwa pole si sorry, na sasa najua tofauti yake kwa gharama ninayoijua mimi, nakupa na lile lingine, lisije likajificha nyuma ya hili: nisamehe.

Unajua desturi inakutaka ujibu nini. Usilijibu hilo. Kama bado, niambie bado, kwa lugha yoyote uitakayo, hata kwa kile Kiingereza chako cha benki. Nitaelewa. Sitamwomba mtu anitafsirie.

Mama yako,
ambaye amebaki nyumbani, kama ulivyosema.